Je, baba zetu wa zamani hawakuwa na hisia? Jibu kwa binti wa baharia

Swali: Mwalimu, assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Faza, nimekulia Malindi. Babu alikuwa na shamba bara, wakalikimbia wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujiunga na Somalia. Marehemu babangu alikuwa mkata boriti za mikoko, kisha baharia wa jahazi, na mwisho akawa mvuvi hapa Malindi. Tulizaliwa wanane, tukabaki watano. Sikumbuki hata siku moja amenikumbatia au kuniambia neno tamu. Akiingia nyumbani sote tunanyamaza. Mwaka 1983, nikiwa darasa la sita, aliniondoa shuleni, hakunieleza kwa nini. Siku ya arusi yangu alimwachia ami yangu kila kitu, yeye akaenda kukaa pwani. Lakini wanangu aliwabeba mgongoni! Kaka zangu wasema wanaume wa zamani, hasa masikini, hawakuwa na hisia za mzazi, walihangaikia tonge tu. Ni kweli?
Binti wa Baharia, Malindi

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Allah amrehemu babako.

Si kweli, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe pasi na kukusudia. Mtu aliyewabeba wanao mgongoni hakuuokota moyo huo uzeeni. Alikuwa nao tangu wewe ni mdogo, ila wewe hukuwa mtu wa kuonyeshwa. Kakazo wamekiona kimya chake wakadhani hakikuwa na kitu ndani. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuketi na wazee wa Langoni na Matondoni kule Lamu, na wa visiwa vya Pate na kinasa sauti, nikiwauliza habari za kazi zao. Sikuwahi kwenda kuuliza habari za mapenzi. Mzee huulizwa bei ya boriti, akajikuta anasimulia mtoto aliyemzika.

Tuanze na tofauti ya baba na babu. Kwetu, Waamu (watu wa Lamu) kwa Wabajuni (watu wa Pate na visiwa vya kaskazini), baba na mtoto walipangiwa heshima, babu na mjukuu wakapangiwa utani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke, mjukuu humjibu kwamba hataki mume kibogoyo, na bibi hujifanya kuona wivu. Watu wacheka. Mzaha huo huo mpelekee baba uone. Mtoto hakuketi kitandani mwa babake, hakumkodolea macho akikaripiwa, hakuanza yeye mazungumzo kwenye sinia. Baba naye alifungwa na kanuni hiyo hiyo: kumdekeza mwanawe mbele za watu, hasa mbele ya babake mzazi au wakwe, kulihesabiwa ni kukosa haya. Basi mtu alikaa na mapenzi yake miaka na miaka mpaka mjukuu azaliwe, ndipo apate ruhusa ya kuyatoa. Wanao walipopanda mgongo ule walipokea na deni lako ndani yake.

Wapo watakaokwambia hayo ni mafundisho ya dini. Sikubali. Hakuna mzee aliyehudhuria darasa baada ya magharibi asiyeijua habari ya Al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja wao. Mtume alimjibu kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Wanajua pia kwamba Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, machozi yakamtoka wazi mbele ya masahaba. Na babako, kwa ada zetu, maneno ya kwanza aliyokuambia duniani aliyasema sikioni mwako: adhana. Dini haikumnyima ulimi. Ada ndiyo iliyomwekea mipaka ya wapi autumie na mbele ya nani.

Kulikuwa na hofu ya jicho pia. Mtoto akisifiwa hadharani, afya yake, rangi yake, akili yake, mzazi huingiwa na wasiwasi, haraka hutaja mashaallah, na usiku hirizi hukaguliwa kama i mahali pake. Baba mwenye busara hakusimama barazani akamsifu bintiye. Alimponda kidogo, akasema hana lolote huyu, ili wenye husuda wapite njia yao. Sasa wewe ulikuwa pale, nyuma ya mlango, una miaka saba, ukasikia babako akisema huna lolote. Nani angekufafanulia kwamba ile ilikuwa kinga?

Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Umeandika kwa mkato kwamba mlizaliwa wanane mkabaki watano, ukapita. Mimi hapo ndipo niliposimama. Babako alizika watoto watatu. Surua, homa ya malaria, kuharisha: visiwani hospitali ilikuwa safari ya chombo, na chombo kilingoja upepo na maji. Na mazishi yetu yalivyo, wanawake na watoto hubaki nyumbani, wanaume huenda makaburini. Maiti ya mtoto mchanga ni nyepesi, huchukuliwa mikononi, na mara nyingi ni baba mwenyewe anayeshuka kaburini kumpokea, kumlaza kwa ubavu wa kulia na kumwelekeza kibla. Mamako hakuuona uso wa babako saa hiyo. Wewe hukuuona. Kakako mkubwa, kama alikuwa mdogo, naye hakuuona. Waliouona ni majirani na wenzake wa chomboni, na aliporudi nyumbani alikuwa ameshanawa, amekuja kupokea watu wa matanga. Huzuni ya baba wa kwetu ilionwa na wanaume wenzake tu. Ndiyo maana familia nyingi huapa kwamba baba yao hakulia kamwe.

Kuna kazi sasa, na hapa nitakawia kidogo, maana kakazo wamesema jambo la kweli nusu waliposema alihangaikia tonge.

Kukata boriti kulikuwaje? Kikundi kilitoka na chombo kikaingia mikondo ya mikoko, wakapiga kambi wiki kadhaa. Maji ya kunywa walibeba kutoka nyumbani, kwa kuwa kule ni chumvi tupu. Walikata kwa shoka maji yakitoka, matope magotini na pengine kiunoni, wakapakia maji yakijaa. Usiku mbu. Miti ilipangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ikahesabiwa kwa korija, yaani miti 20, na malipo yalikwenda kwa korija. Mwenye kibali cha kukata alitanguliza posho, unga na sukari na mafuta, kwa wakataji na kwa nyumba zao, kisha akakata deni lake siku ya hesabu. Mwanamume angeweza kurudi baada ya mwezi, mgongo umemkauka, akaambiwa alichokata kimetosha kulipa alichokula. Huyo ndiye aliyeingia mlangoni mkanyamaza.

Ubaharia haukuwa na nafuu kubwa. Kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba na tende, mazulia na samaki wakavu. Kusi iliyarudisha yakiwa na boriti, maana nchi zile hazina miti ya kuezekea. Majahazi ya Lamu nayo yalikwenda Mombasa na kupanda hadi pwani ya Somalia. Baharia alilipwa kwa mgao: chombo kina fungu lake, nahodha lake, kinachobaki ndicho cha mabaharia. Safari mbaya, mgao mbaya.

Lakini jambo ambalo watoto wa mabaharia hawalipigii hesabu ni hili. Kusi ikipamba moto, Juni na Julai, bahari ya nje haiingiliki. Vyombo huvutwa pwani, hutiwa kalafati kuziba nyufa, hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Baba yuko nyumbani. Na miezi hiyo ndiyo miezi ya njaa, ya kukopa dukani, ya kuuza mbuzi. Kwa hiyo mtoto alimpata babake kwa siku nyingi mfululizo pale tu baba alipokuwa hana kitu mfukoni, ana deni, na kazi imemwondoka. Siku alizokuwa na pesa na furaha yuko Mombasa au Kismayu. Wewe kumbukumbu zako zimejaa baba wa kusi. Baba wa kaskazi hukukutana naye ila siku mbili tatu za kushusha mzigo, na hata hizo alizipitisha msikitini na barazani.

Barazani, kwa kuwa nyumba mchana ilikuwa ya wanawake. Mwanamume anayeshinda ndani, wanawake wenzi wa mkewe hawawezi kuingia, kazi ya kushona kofia na kusuka ukili wa mikeka husimama, na yeye mwenyewe huchekwa. Alikula akatoka. Akirudi alipiga hodi au akakohoa kwa nguvu ili aliye kichwa wazi ajistiri. Watoto walijifunza kukitambua kikohozi kile na kutulia. Mwanangu wa leo husikia gari langu akaja mbio. Wewe ulisikia kikohozi ukakaa sawa, na yeye akaingia akakuta watoto wamekaa kama wageni.

Nitasema na hili, ijapokuwa najua akina mama hawatanipenda: mama zetu walichangia. Ada iliweka ulimi wa baba kinywani mwa mama. Pesa alipewa yeye, na nguo ya Idi ilitoka mkononi mwake. Baba akisema usiku, binti huyu atiwe kanga mpya, asubuhi mama humpa binti kanga, na mara nyingine husahau kutaja ilikotoka. Lakini mtoto akikosa, jina la baba halisahauliki: ngoja babako arudi! Zawadi ilifika bila ya jina lake, adhabu ikafika na jina lake. Ukilea mtoto miaka kumi na tano kwa hesabu hiyo, usishangae akisema baba alikuwa mkali na mama alikuwa na mapenzi.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwanahistoria Julie-Marie Strange wa Uingereza alizisoma kumbukumbu zilizoandikwa na watoto wa vibarua na wafanyakazi wa viwandani wa nchi ile, wa kati ya 1865 na 1914. Wengi kabla yake waliwachukulia baba wale kama kakazo wanavyomchukulia babenu: walevi, wakimya, waleta mshahara. Yeye aliona watoto wenyewe hawakuandika hivyo. Waliandika kuhusu kiti cha baba, saa ya kurudi kwake, alichowaletea mfukoni, na kwamba kule kutoka alfajiri kwenda kazini walikufahamu kuwa ni mapenzi, si kitu kilichosimama mahali pa mapenzi. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wamepata shule na wakaandika. Watoto wa wakata boriti hawakuandika, hivyo sisi tumebaki na maneno ya waliowaangalia kutoka juu.

Na hapo kakazo waangalie wanazungumza kwa ulimi wa nani. Usemi kwamba masikini hana hisia kwa wanawe una historia pwani hii, na historia yenyewe ni chafu. Zamani za utumwa mtoto wa baba mtumwa alifuata hadhi ya mamake. Baba mtumwa angeweza kumwona mwanawe akipelekwa shamba jingine, na hapakuwa na sheria ya kumsikiliza, kwa sababu mwana alikuwa wa bwana wa mama. Ilikuwa rahisi kwa wenye mali kujiambia watu wale hawaumii. Serikali ya kikoloni ilifuta hadhi ya utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa nyumba za waliokuwa watumwa Lamu, kuanzia hapo ndipo mwanamume alipoweza kumtaja mwanawe kuwa wake bila ya mtu wa tatu. Habib Swaleh, shehe wa Lamu, alipowafungulia watu wa chini elimu ya dini, akaujenga msikiti wa Riyadha pale Langoni, wachukuzi na wavuvi waliwashika wana wao mikono wakawapeleka. Mtu asiye na hisia hampeleki mwanawe kujifunza asichokijua yeye. Sisemi ukoo wako ulipitia utumwa, mimi siujui. Nasema neno la kakazo lilitengenezwa kwa watu wale, na wao wamelirithi bila ya kulikagua.

Tuje kwenye shule. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi. Misitu ilikuwa imekatwa sana, na huko Ghuba pesa za mafuta zilikuwa zimeshaleta chuma na saruji, hivyo biashara ilikuwa ikizorota hata kabla ya hapo. Lakini kwa mtu aliyekuwa na shoka na bega lake tu, lilikuwa pigo la pili: babake alipoteza shamba wakati wa shifta, miaka ya 1963 hadi 1967, naye akapoteza mikoko. Wengi walihamia Malindi na Mombasa, wakaanza upya kwenye vyombo vya watu. Mwaka 1983 wewe ukatolewa shule. Nadhani mambo haya mawili yanahusiana, na ningekuwa wewe ningekaa nayo pamoja.

Hata hivyo, sitakuambia umsamehe kwa ajili ya mwaka 1982. Umasikini unaeleza kwa nini mtoto mmoja alitolewa shule. Hauelezi kwa nini ulikuwa wewe, msichana, ilhali kakazo (kama nilivyokuelewa) waliendelea. Huo ulikuwa uamuzi, na alikuwa na wajibu wa kukueleza. Pia nisije nikakuchorea picha ya malaika. Walikuwepo baba waliopiga mpaka jirani akaingilia, na waliotoa talaka wakaoa bandari nyingine, watoto wakalelewa na bibi. Kesi za masurufu ya mke na watoto kwa kadhi hazikuzuka juzi. Mtoto wa baba wa namna hiyo akiniambia hakupendwa, simbishii. Babako, kwa ulivyomweleza, hakuwa huyo: hakuwaacha, na wanao aliwabeba mgongoni.

Arusi ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Walii, yaani msimamizi wa bibi arusi, ni baba, lakini ni kawaida kumpa idhini mwalimu au ndugu aozeshe kwa niaba yake, na baba wengi hufanya hivyo hata wakiwa wameketi pale pale. Kuondoka kwake kwenda pwani nako kuna haya ndani yake. Usiku ule nyumba huwa ya akina somo, wanawake wanaomfunda bibi arusi, na vigelegele, mambo ya bintiye yanatajwa kwa wazi, na baba mwenye haya hajui atazame wapi. Huondoka. Wengine huenda msikitini, wengine hulala kwa ndugu. Mabaharia huenda walikozoea kwenda.

Utafanya nini basi? Ndugu zako usiwaulize tena, mnajua yale yale. Ami yako, kama yu hai, ana habari mbili unazozitaka: mazishi ya wale watatu, na mwaka 1983. Usimwulize kama babako alikupenda, utamtahayarisha na atakujibu bila shaka, bila shaka, mazungumzo yakaisha. Mwulize nani aliyeshuka kaburini. Mwulize walipohama walikuwa na deni la nani, na ada ya shule ilikuwa ikitoka wapi.

Kisha watafute aliofanya nao kazi chomboni, kama yupo aliyebaki Faza, Kizingitini au hapo Malindi. Hao ndio watakaokufaa zaidi. Usiku wa safari ni mrefu, na watu waliolala ubavu kwa ubavu juu ya shehena ya boriti walizungumza juu ya watoto wao, maana nani angewacheka? Nenda baada ya alasiri, mchukulie mzee kahawa na halua, mpeleke mwanao wa kiume akae naye barazani ikiwa wewe huwezi, na simu iwekwe kinasa sauti kwa idhini yake. Mwanzo mwulize habari za chombo: kilikuwa cha nani, kilibeba korija ngapi, nani alikuwa nahodha. Mwache aseme Kitikuu chake, lahaja ya Wabajuni, usimsahihishe. Akifika kwenye vitu ambavyo babako alikuwa akinunua bandarini kabla ya kurudi, usimkatize.